Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Wazee wetu, akina mama, vijana na wanachama wote, salamu.

Kazi kubwa ya chama mwaka huu haikufanyika jukwaani. Tulikaa mezani tukisoma mswada wa kaunti kuhusu utamaduni na urithi, kifungu baada ya kifungu. Najua wapo waliouliza kwa nini hatukuonekana sana kwenye matamasha. Kwa miaka mingi vikundi vyetu vimeitwa kucheza ngoma ya gonda na kutikisa kayamba mgeni rasmi anapoingia, tukapewa fulana na chakula cha mchana, kisha sera ikapita bila mtu kutuuliza neno. Kutumbuiza siku ya kuzindua sera si kushirikishwa kuitunga. Kamati yenu iliamua kwamba nguvu zetu ziende kwanza pale sheria inapoandikwa, nami nausimamia uamuzi huo.

Hatuombi hisani. Katiba ya Kenya ya 2010 inataja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala katika kifungu cha 10, na kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Shughuli za utamaduni zimekabidhiwa kaunti. Aidha, mwaka 2007 Kenya iliridhia Mkataba wa UNESCO wa 2005 kuhusu kulinda na kukuza uanuwai wa kujieleza kiutamaduni, ambao nao, kifungu cha 11, unazitaka nchi wanachama zihimize asasi za kiraia kushiriki kikamilifu. Kila miaka minne serikali hupeleka taarifa ya utekelezaji, na asasi za kiraia zinatakiwa kuchangia taarifa hiyo. Mchango huo ni wetu kuutoa.

Sasa niueleze mswada wenyewe. Tangazo la kukusanya maoni lilitoka gazetini kwa Kiingereza, siku chache tu kabla ya kikao, na kikao kikapangwa makao makuu ya kaunti. Mzee wa kaya, yaani mtunzaji wa msitu mtakatifu wa Wamijikenda, anayeishi mbali na barabara ya lami angefikaje? Tuliandika barua kuomba muda zaidi. Wakati tunasubiri jibu, vijana wetu waliutafsiri mswada kwa Kiswahili, tukausoma kwa sauti chini ya mwembe, na pale palipokuwa pagumu tukaeleza kwa Kigiriama na Kichonyi.

Tulipofika kwenye kifungu kinachofafanua maana ya maneno, mzee mmoja wa ngambi, baraza la wazee wa kaya, alisimamisha usomaji. Mswada ulisema mwenye haki juu ya ngoma, dawa au maarifa ya asili ni “kikundi kilichosajiliwa”. Akauliza: “Kaya yetu ilisajiliwa na nani?” Mkutano wote ulinyamaza, maana swali lile lilikuwa limefichua kasoro ambayo sisi wenye elimu ya darasani tulikuwa tumeipita. Kwa maneno yale, kikundi cha watu kumi chenye cheti na akaunti ya benki kingeweza kudai ngoma ya jamii nzima, na wazee walioitunza wakabaki watazamaji. Wenzetu Waata, ambao ni wachache na hawana vikundi vingi vyenye vyeti, wangeumia kuliko wote. Sheria ya kitaifa ya 2016 ya kulinda maarifa ya asili na sanaa za jadi inazitambua jamii kuwa ndizo zenye haki, na inataka ridhaa yao kabla mtu wa nje hajatumia mali yao. Mswada wa kaunti ulikuwa unakwenda kinyume chake.

Maoni yetu ya maandishi yalijengwa juu ya hoja hiyo. Tuliongeza ya pili: sajili ya urithi wa kaunti isiandike yale ambayo wazee hawaruhusu yatajwe hadharani. Hakuna afisa anayehitaji kujua fingo la kaya, yaani hirizi yake ya kinga, limezikwa wapi ili msitu ulindwe. Kamati ya bunge la kaunti ilikubali kubadilisha maana ya mwenye haki. Kuhusu sajili, ilisema italishughulikia suala hilo kwenye kanuni za kutekeleza sheria. Ombi letu kwamba kila mswada wa utamaduni utolewe pia kwa Kiswahili lilikataliwa kwa sababu ya gharama. Siikubali sababu hiyo. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi, na vijana wetu waliifanya kazi hiyo bila malipo.

Wanaoona kwamba karatasi hazina faida watazame Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu, Malindi, iliamua kwamba wakazi hawakushirikishwa ipasavyo katika mradi wa bandari na kwamba haki yao ya utamaduni ilikiukwa. Mwaka 2019 jopo la kitaifa la mazingira likafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe kwa kasoro hiyo hiyo ya ushirikishaji. Kesi kama hizo husimama juu ya barua na kumbukumbu zilizotunzwa.

Fedha za mwaka zilitumika zaidi kwa nauli za wazee na uchapishaji. Mweka hazina atasoma hesabu. Wanachama wengi bado wana deni la ada, na tafadhali lilipwe kabla kanuni za sajili hazijatoka, kwa kuwa tutahitaji wakili wa kuzipitia. Kila kikundi kichague mtu mmoja, ikiwezekana mama au kijana, wa kukaa na wazee wa kaya yake na kukubaliana nao yapi yaandikwe na yapi yabaki kwao. Majina yafike kwa katibu kabla ya kikao kijacho cha kamati.

Mwenyekiti