Acha kupaka rangi kwa mkono kwenye Excel ya duka la dawa

Mafaili mengi ya stoku tunayoletewa na wenye maduka ya dawa yana rangi kibao, nyekundu, njano, kijani, na ukiuliza hii nyekundu maana yake nini unaambiwa aah hiyo dada wa dukani aliweka mwezi wa tatu, labda ilikuwa imebaki kidogo. Sasa mzigo ulishaingia zamani na rangi bado ipo pale pale! Ukipaka kwa mkono inabidi ufute kwa mkono pia, na hakuna anayekumbuka kufuta.

Conditional Formatting ndo inamaliza hiyo kazi. Unaipa Excel sharti, yenyewe inaangalia tarehe ya leo na idadi iliyobaki halafu inapaka na kufuta bila kuambiwa.

Tuseme kolamu A ni jina la dawa, B iliyobaki, C ni idadi ambayo ukiifikia unatakiwa kuagiza, D tarehe ya kuisha muda. Chagua data yako kuanzia mstari wa 2 kwenda chini, vichwa viache, kisha Home, Conditional Formatting, New Rule, halafu ile ya mwisho kwenye orodha inayotaka fomula. Andika:

=AND($D2<>"",$D2<=TODAY()+90)

Hiyo ipe njano, ni dawa zilizobakiza siku 90 au chini. Rudia tena kwa nyekundu, hizi ndo zilizoisha muda, za kutoa shelfu leo kabla mkaguzi wa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania) hajakukuta nazo:

=AND($D2<>"",$D2<TODAY())

Anza na njano maana sharti jipya linakaa juu na la juu ndo linashinda. Kwenye Google Sheets ipo Format, Conditional formatting, Custom formula is, hapo hakikisha tu nyekundu iko juu ya njano. Dola kabla ya D usiiache, ndo inafanya mstari mzima upakwe. Na kile kipande cha $D2<>"" kipo kwa sababu seli tupu Excel inaihesabu kama sifuri, kwa hiyo bila hicho mistari mitupu yote huko chini itawaka nyekundu.

Za kuagiza ni =AND($A2<>"",$B2<=$C2), ila hapa badilisha rangi ya maandishi tu, bluu nzito inatosha, ili isigombane na zile mbili.

Sasa panapoumiza watu ni tarehe. Kompyuta nyingi zinakuja na mpangilio wa Marekani, mwezi unaanza, kwa hiyo ukiandika 25/08/2026 Excel inatafuta mwezi wa 25, haiupati, inaamua hayo ni maneno tu, na maneno hayatawaka nyekundu hata dawa ikioza. Mbaya zaidi 05/08/2026 inakubalika vizuri kabisa ila kama tarehe 8 mwezi wa tano, na wewe ulimaanisha Agosti. Kama hujagusa mpangilio wa seli, tarehe halisi inaegemea kulia na maneno yanaegemea kushoto, hiyo itakuonyesha zile za kwanza, ila za pili huzioni kwa macho, rekebisha Region kwenye Windows kabla hujaanza kuingiza chochote.

Halafu boksi likiandikwa EXP 08/2026 dawa inatumika mpaka mwisho wa Agosti, lakini ukiingiza hivyo hivyo Excel inaweka tarehe 1 na utatoa mzigo mzima mapema bure. Andika 31/08/2026.

Ukishamaliza weka Filter, chagua Filter by Color, njano zote zinakuja pamoja unaziweka mbele ziuzwe kwanza.

Kama faili lako limeshachanganyikiwa tuletee kwenye flashi au ututumie WhatsApp, tunasafisha tarehe na kuweka masharti yote. Kolamu ya bei ya kununulia ifute kwanza, hatuihitaji.