Mnaonunua mbwa wa fleti, ulizeni kwanza alitengenezwa kwa kazi gani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na wenzangu tunaoishi kwenye maghorofa hapa Dar, manake siku hizi kila nikishika simu nakutana na matangazo ya mbwa wadogo, "hakui huyu, wa ndani kabisa, anafaa fleti", na picha ya katoto kamefungwa utepe kichwani. Watu wananunua. Afu miezi minne mitano baadaye naona watu walewale wanatafuta wa kumchukua, eti kawashinda. Linaniuma sana hili kwa sababu hata mimi ilibaki kidogo tu nimtoe wa kwangu.

Mi nakaa Upanga, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule na kibaraza ambacho ukishaanika nguo hakuna pa kusimama. Miaka minne iliyopita nilinunua Jack Russell, mweupe ana doa la kahawia jichoni, nikamwita Bosi. Aliyeniuzia aliniambia huyu hana shida, mdogo, anakula kidogo, atakuwa analala tu. Wiki ya kwanza alitafuna kandambili tatu na mguu wa kochi, wiki ya pili akawa anabweka tangu naenda kazini mpaka narudi, jirani wa chini akampigia mwenye nyumba na mwenye nyumba akanipigia mimi. Nikamchapa, nikamfungia chooni, na yote hayo nayajutia mpaka leo, yalimzidishia hofu tu na kelele zikaongezeka.

Aliyenisaidia ni daktari wa mifugo mmoja mtu mzima, nilimpeleka Bosi kwake kwa ajili ya kupe tu, nikaanza kulalamika, akaniuliza swali moja, huyu mbwa unajua alitengenezwa kwa kazi gani? Sikujua. Akanieleza kwamba jina lenyewe ni la kasisi wa Uingereza, John Russell, ambaye mwaka 1819 akiwa bado anasoma Oxford alinunua kajike kamoja keupe kanaitwa Trump kutoka kwa muuza maziwa, na ukoo ukaanzia hapo. Alitaka mbwa wa kukimbia na farasi siku nzima, afu mbweha akijificha shimoni huyu mdogo aingie kumfuata hukohuko gizani, ambwekee bila kuchoka mpaka atoke. Sasa mbwa wa namna hiyo, kilo 6 tu lakini roho ya simba, unamfungia ndani masaa 9 peke yake, lazima atatafuta shimo lake. Kwangu shimo alilolipata ni kochi.

Nilipoelewa hivyo nikabadilisha ratiba ya nyumba nzima. Saa kumi na moja alfajiri tunashuka, tunatembea mpaka baharini na kurudi, jioni tena. Na kabla sijatoka kwenda kazini nachukua taulo kuukuu, naweka dagaa wakavu saba nane (wasiwe wa chumvi), nalikunja, nalifunga mafundo, namwachia. Mngemuona. Kwanza anazunguka taulo lote ananusa bila kuligusa, anakaa chini anaangalia kama fundi anayeangalia injini, afu anaweka mguu mmoja juu ya fundo na kuvuta ncha kwa meno ya mbele taratibu, akikwama anageuza upande wa pili. Dakika 20 nzima, jasho la akili, na akimaliza anaenda kulala mwenyewe. Kelele ziliisha ndani ya wiki tatu hivi, na jirani wa chini akaja kuniuliza kama nimemgawa.

Ndo ninachotaka watu waelewe, udogo wa mwili hauna uhusiano na ukubwa wa roho, na wengi wa hawa tunaowaita mbwa wa mapambo walikuwa wafanyakazi. Yorkshire teria, yule wa nywele ndefu za hariri anayebebwa kwenye pochi, asili yake ni kukamata panya kwenye viwanda vya nguo kaskazini mwa Uingereza, karne ya 19. Na mmoja wao, Smoky, aliokotwa na askari wa Marekani kwenye handaki huko New Guinea mwaka 1944, hakufika hata kilo 2, akanunuliwa na askari mwingine, Bill Wynne, akaenda naye vitani. Kule Ufilipino jeshi lilihitaji kupitisha waya wa simu chini ya uwanja wa ndege, bomba lenyewe lina urefu wa mita 21 na upana wa sentimita 20 tu, mchanga umejaa humo ndani, wakamfunga kamba ya kuvutia waya shingoni naye akapita mpaka ng'ambo akiitwa na bwana wake. Bila yeye ingebidi askari wachimbe uwanja siku kadhaa huku adui yuko angani. Huyo ndo mbwa mnayemvalisha utepe.

Dachshund naye, yule mrefu wa miguu mifupi, jina lake la Kijerumani linamtaja mnyama wa mashimoni anayefanana na nyegere, ndiye aliyetengenezwa kumfuata. Hana woga na ana ubishi, ukimwita anafikiria kwanza kama kuna sababu ya kuja. Ila mgongo wake ni mrefu na diski za uti wa mgongo zinaharibika kirahisi, kwa hiyo wewe mwenye ghorofa isiyo na lifti ujue utakuwa unambeba kila siku kupanda na kushuka ngazi, na kwenye kochi asiruke. Chihuahua chini ya kilo 3, akiwa mtoto lazima ale mara nne kwa siku manake sukari inashuka ghafla akaanguka, na mtoto wa binadamu akimdondosha anavunjika mguu, mwenye watoto wa miaka miwili mitatu ndani nakuomba umwache kwanza.

Lakini wanaonitia hofu zaidi kwa hali yetu ya hewa ni wale wa uso bapa, pug, Shih Tzu, Pekingese. Wana upendo mno, nawapenda, sikatai. Januari moja saa nane mchana umeme umekatika, binti wa ghorofa ya kwanza alikuja kunigongea analia amembeba pug wake, alikuwa ametoka kumshusha kwenye mchanga dakika kumi tu. Ulimi umegeuka rangi ya zambarau, anakoroma kama mtu aliyekabwa, miguu imelegea. Tukamlaza kwenye vigae, tukammwagia maji ya bomba tumboni na kwenye makwapa, mi nampepea na kipande cha boksi, afu tukaita bajaji na njia nzima tunaendelea kumlowesha. Daktari akampima, joto limepita nyuzi 41, wakati mbwa mzima ni kati ya 38 na 39. Alipona, Mungu alisaidia. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema, sasa huyu njia ya hewa imebanwa tangu alivyozalishwa na hewa yenyewe ya Dar mwezi huo ina joto na unyevu, anahema bila kupoa na kule kuhema kwenyewe kunamuongezea joto. Kama huna uwezo wa kumwekea feni hata umeme ukikatika, na kumtoa nje alfajiri na usiku tu, msimnunue huyu jamani, hata kama bei imeshuka.

Kuna la majirani pia. Kwenye jengo letu wapangaji wengi ni Waislamu na wengine ni wazee, na katika mafundisho ya Kishafii mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo kikiguswa kinaoshwa mara saba na moja kati ya hizo ni kwa udongo. Yule bi mkubwa wa mlango wa pili aliniita mapema kabisa, baada ya shikamoo akaniambia, "Mwanangu, mbwa wako sina ugomvi naye, ila nina mkeka wangu wa kuswalia naanika hapo koridoni, akiulamba umenipa kazi." Nikamshukuru kwa kunieleza kuliko angenyamaza akakaa na kinyongo. Tangu siku hiyo Bosi hakanyagi koridoni kwa miguu yake, nambeba mpaka geti na kamba tayari iko shingoni. Mwaka jana panya buku walivamia sehemu ya mapipa ya taka, wakubwa kama paka wachanga, mlinzi akaniomba nimlete. Nilimfungua kamba, akasimama kimya kabisa sikio moja limesimama moja limelala, mkia haujatikisika, afu akaingia nyuma ya pipa nikasikia mlio mmoja tu. Akatoka naye amemshika shingoni. Alirudia mara nne asubuhi ile. Bi mkubwa aliangalia yote kutoka dirishani, jioni akanipigia hodi ana kibakuli cha mifupa ya ng'ombe, "mpe mwenzio" akasema, na akarudi kwake.

Tena niseme la koko wetu. Mbwa anayeitwa Basenji, anayeuzwa ghali Ulaya na Marekani, katoka Kongo, na hilo jina ni ndugu wa neno letu shenzi, lilelile tunalomtukania mbwa wa mtaani. Waingereza walimuonyesha kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts mwaka 1937 watu wakajaa kumuona, habweki kama wengine, anatoa sauti kama ya kuimba, na anajilamba mwili mzima kama paka. Sisi tunao ndugu zake huku mitaani, wembamba, wana akili, joto wamelizoea na wanakula ugali wa dona na vichwa vya samaki bila kuumwa tumbo. Kabla hujampa mtu hela za Shih Tzu nenda kaangalie watoto wa koko wa jirani yako.

La mwisho ni chanjo. Wenye mbwa wadogo wanajidanganya kwamba huyu hatoki nje kichaa kitampata wapi, wakati paka na koko wanapita hapohapo kwenye ngazi na geti. Chanjo ya kichaa cha mbwa anaanza akiwa na miezi mitatu na kurudia kila mwaka, na binadamu akishaanza kuonyesha dalili karibu wote wanakufa. Siku ya kichaa cha mbwa duniani ni tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, na msimu huo ndo sehemu nyingi wanachanja. Mwaka jana gari la matangazo lilipita mtaani kwetu asubuhi watu wa maghorofa tuko kazini, nikaja kujua usiku kwa mlinzi wa geti ambaye yeye alishawapeleka mbwa wake wawili. Kwa hiyo ombi langu kwako mhariri, tarehe za chanjo kwenye kata zetu zikishajulikana zichapeni wiki moja kabla, hata kona ndogo ya ukurasa wa mwisho inatosha, mi nitaikata niibandike pale chini kwenye ngazi.

Msomaji wako wa kila siku,
Upanga, Dar es Salaam