Ugonjwa wa moyo: Tuulize na ukoo wa baba

Mhariri,

Tunaomba nafasi tujibu swali ambalo watu wa Mtwara na Lindi wanazidi kutuuliza: je, upo ugonjwa wa moyo wa kurithi, na mtu aende kupima vinasaba?

Upo. Unaofahamika zaidi ni lehemu (kolestro) ya kurithi, ambayo katika nchi zilizopima watu wengi humpata takribani mtu 1 kati ya 250 hadi 300. Kwenye ini kuna vipokezi vinavyodaka lehemu mbaya, ile inayoandikwa LDL kwenye karatasi ya majibu, na kuiondoa kwenye damu. Aliyerithi jeni yenye hitilafu kwa mzazi mmoja anazaliwa na karibu nusu tu ya vipokezi vinavyofanya kazi. Lehemu inajijenga kwenye mishipa ya moyo miaka yote, hata kwa mtu mwembamba anayeshinda kwenye mikorosho na hajawahi kugusa sigara. Huyo akianguka ghafla na miaka yake 42, watu wanaanza kutafuta mchawi.

Kila mtoto wa mzazi huyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi. Hapa ndipo huku Kusini tunapokosea. Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao wamezoea kuhesabu ukoo kwa mama. Muulize mgonjwa, "Kwenu nani alikufa kwa moyo?" atakutajia wajomba na mama wakubwa, basi. Upande wa baba haumo, kwa sababu si ukoo wake. Jeni haifuati mila hiyo. Hupita kwa baba sawasawa na kwa mama.

Kosa jingine ni majina. "Baba" anaweza kuwa baba mdogo au mume wa mama mkubwa, na "kaka" akawa mtoto wa mama mdogo. Kwa hiyo mhudumu aulize baba aliyekuzaa, mama aliyekuzaa, ndugu wa tumbo moja, kisha babu na bibi wa pande zote mbili: nani alipata shambulio la moyo au alikufa ghafla, na alikuwa na miaka mingapi? Mwanamume chini ya 55 au mwanamke chini ya 65, hapo shtuka. Miaka isipokumbukwa, uliza kitinda mimba wake alikuwa darasa la ngapi siku ya msiba. Hilo watu hawasahau.

Kisha mtazame mgonjwa. Shika kano ya nyuma ya kisigino kwa kidole gumba na cha shahada, uitelezeshe juu na chini. Ya kawaida ni nyembamba na laini. Iliyojaa lehemu ni nene, yenye vinundu vigumu visivyouma. Mwambie akunje ngumi, uangalie na mgongo wa mkono. Asipokuwa na vinundu usimwachie, maana wengi hawana.

Kipimo cha kwanza ni lehemu, si vinasaba. LDL ya milimoli 4.9 kwa lita au zaidi kwa mtu mzima inatia shaka. Mashine nyingine hutoa miligramu kwa desilita, na huko kiwango hicho ni 190. Tazama kizio kilichoandikwa kabla ya kumtisha mtu. Maabara nyingi hazipimi LDL moja kwa moja, zinaikokotoa kwa milimoli: lehemu yote, toa HDL (lehemu nzuri), toa trigliseraidi (mafuta mengine ya kwenye damu) zilizogawanywa kwa 2.2. Mwenye lehemu yote 8.1, HDL 1.2 na trigliseraidi 1.1 ana LDL ya 6.4. Trigliseraidi zikipita 4.5, hesabu hiyo haifai. Homa kali na shambulio la moyo lenyewe hushusha lehemu, kwa hiyo rudia baada ya wiki kadhaa. Ujauzito huipandisha, vilevile tezi ya shingo iliyozembea na figo zinazovujisha protini. Hayo yaondolewe kwanza ndipo tuseme urithi.

Vile vipimo vya vinasaba vya mate vinavyotoa "alama" ya hatari ya moyo tunavishuku. Vingi vimetengenezwa kwa takwimu za Wazungu, na mara nyingi havisomi jeni yenyewe bali alama iliyo jirani. Ni kama kuelekezwa nyumba kwa mwembe: huko mwembe uko mlangoni, huku uko mtaa wa pili.

Tena urithi si wa balaa tu. Jeni ya PCSK9, ambayo watafiti wa Ufaransa waliihusisha na lehemu ya kurithi mwaka 2003, hitilafu zake nyingine hupandisha lehemu. Mwaka 2006 watafiti wa Dallas, Marekani, walionyesha kwamba kati ya Wamarekani weusi waliofuatiliwa miaka 15, takribani 26 kwa kila 1,000 walikuwa na mabadiliko yanayoizima jeni hiyo. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Sindano zilizoidhinishwa mwaka 2015 zinaiga kuzimwa huko kwa jeni, ila bei yake tusiisemee.

Kwa wengi dawa ni vidonge vya statini, vinavyoshusha lehemu, kila siku, isipokuwa kwa mjamzito. Anayeacha kwa kuwa anajisikia mzima, LDL hurudi ilikokuwa ndani ya wiki chache. Akishathibitika mmoja, watoto wake wapimwe kabla ya kufika miaka 10, na ndugu zake wa tumbo moja waitwe. Ikiwa ni upande wa baba, shangazi naye aitwe, hata kama ni mtu wa ukoo mwingine.

Wahudumu wa kliniki na maabara,
Mtwara