Jicho la mtoto linatoa tongotongo kila asubuhi? Dawa ya matone isubiri kwanza

Mama mmoja alifika hapa kliniki na mwanawe wa miezi minne, na kabla hajakaa vizuri akamimina mezani bahasha ya kaki: chupa tatu za dawa ya matone na tyubu moja ya mafuta ya tetrasaiklini. Zote zimefunguliwa, hata moja haijaisha. Kila alipoingia duka la dawa aliambiwa mtoto ana macho mekundu, akauziwa nyingine. Jicho lenyewe lilikuwa jeupe pe. Ila machozi yalikuwa yanatiririka shavuni ilhali mtoto anacheka, na kope zimegandana kwa tongotongo lililokauka.

Huyo hakuwa na macho mekundu. Njia yake ya machozi ilikuwa imeziba.

Machozi hutengenezwa muda wote, si wakati wa kulia tu. Yakishalowanisha jicho huingia kwenye vitundu viwili vidogo pembeni mwa kope, upande wa pua, yakashuka kwenye mfereji mwembamba hadi ndani ya pua. Ndiyo maana ukilia sana unapenga kamasi. Kwa baadhi ya watoto, takriban 5 hadi 20 katika kila 100, utando mwembamba ulio mwisho wa mfereji huo huchelewa kufunguka. Maji yakikosa pa kwenda yanatuama, na yakituama yanaota uchafu, kama sinki la jikoni lililoziba. Dawa ya matone itaua vijidudu kwenye maji hayo, lakini bomba haizibui. Ukiiacha siku mbili tatu, tongotongo limerudi.

Kinachosaidia ni kukanda. Daktari wa macho wa Marekani aitwaye Crigler aliueleza mkando huu mwaka 1923, na hadi leo ndio tunaofundisha. Kata kucha, nawa mikono kwa sabuni. Weka ncha ya kidole kwenye kona ya jicho, pale jicho linapokutana na mfupa wa pua. Bonyeza kuelekea kwenye mfupa, kisha bila kuachia telezesha kidole kushuka kando ya pua. Mara tano hadi kumi, kutwa mara tatu au nne. Wakati mzuri ni akiwa ananyonya.

Wazazi wengi hukosea hapa. Wanapapasa ngozi kwa huruma, au wanakanda shavu. Mkono uwe na uzito kidogo, ila usiguse mboni kabisa. Ukiona usaha umechuruzika konani, usishtuke, umebonyeza penyewe. Ufute kwa pamba safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, na kila jicho na pamba yake.

Bibi akishauri kukamulia jichoni maziwa ya mama, au kutia chai ya rangi, mwitikie kwa heshima halafu maziwa mpe mtoto anyonye. Wanja nao uache. Unaongeza uchafu palepale pasipopitisha maji. Na dawa ya matone iliyobaki ya kaka yake usiitumie: baadhi zina steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu, na hizo si za kujitilia bila kuonwa na daktari.

Takriban watoto tisa katika kila kumi hufunguka wenyewe kabla ya kutimiza mwaka. Kwa hiyo tukikupima, tukakufundisha kukanda, tukakuruhusu bila dawa, usione umeibiwa hela ya kumwona daktari. Msimu wa kipupwe na mafua machozi huongezeka kidogo, endelea tu.

Lakini yapo ambayo hayasubiri kukanda. Mtoto chini ya siku 28 mwenye usaha mwingi na kope zilizovimba apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo uvimbe mwekundu wenye maumivu kando ya pua, au homa. Na mtoto anayekwepa mwanga, jicho linaonekana kubwa kuliko kawaida au kioo chake kimefifia kama kina ukungu, huenda ana presha ya macho, ambayo inaweza kumpofusha. Huyo hata tukifunga saa kumi, mlete. Tutaandika rufaa papo hapo.

Akifikisha mwaka bado linatiririka, daktari bingwa hupitisha kijiti chembamba cha chuma kwenye mfereji na kuutoboa ule utando. Mtoto hulazwa usingizi kwa dawa, kazi yenyewe ni ya dakika chache, na kwa kawaida anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Sisi hatuifanyi hapa. Tunawaelekeza hospitali za Muhimbili au CCBRT jijini Dar es Salaam, au KCMC mjini Moshi, kutegemea mzazi anaishi wapi.

Ukija kwetu, asubuhi hiyo usimfute mtoto macho. Tunataka kuliona tongotongo lilivyo. Na aje na njaa kidogo, ili tukianza kukuonyesha kukanda awe anahangaika na titi na si na kidole chetu.