Picha za wiki hii: mvuke usiku

Wapendwa, salaam. Tangu niweke ile picha ya mpiga picha Mmarekani O. Winston Link ya mwaka 1956, iliyopigwa Iaeger, West Virginia, Marekani, simu yangu haijapumzika. Watu wamekaa ndani ya magari wakitazama sinema ya wazi, ndege iko kwenye skrini, na pembeni garimoshi linakatiza likitoa moshi mweupe. Mmoja wenu ameuliza kuhusu hiyo ndege. Link aliiingiza baadaye, kwani flashi zake zilifuta kilichokuwa kwenye skrini!

Link alipiga picha za reli ya Norfolk and Western kuanzia 1955 hadi 1960, mvuke ulipokuwa ukiipisha dizeli. Alipenda usiku kwa sababu jua huwezi kulihamisha, taa unaweza. Balbu zake za flashi ziliwaka mara moja tu. Waya wa taa ukikatika, treni imeshapita. Sisi tunapiga hamsini na kufuta arobaini na tisa.

Jumamosi kila mmoja alete picha moja ya zamani ya treni ya mvuke, na mwaka wake kama unajulikana. Za rangi ruksa, ingawa roho yangu iko kwenye nyeusi na nyeupe. Video hapana, tafadhali.