Visiwa vya Ssese vipate ndege za majini

Mhariri,

Kila utalii wa Visiwa vya Ssese, vilivyo Ziwa Viktoria nchini Uganda, unapojadiliwa, mazungumzo huishia kwenye kivuko. Mgeni anayeshuka Entebbe huenda Nakiwogo kusubiri kivuko cha MV Kalangala, kisha hukaa ziwani zaidi ya saa tatu. Ajabu ni kwamba mgeni huyohuyo hupata ndege ndogo ya kumpeleka hifadhi ya wanyama ya Kidepo, kaskazini-mashariki mwa nchi, mbali kuliko mji wa Kalangala visiwani!

Maldivi, taifa la visiwa zaidi ya 1,000, huwafikisha watalii hotelini kwa ndege zinazotua majini. Sisi zingetufaa, kwani Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ssese, imekwisha kutoa ardhi nyingi kwa michikichi na ndege hizo hazidai uwanja mrefu. Mamlaka ya usafiri wa anga na wizara ya utalii zianzishe safari za majaribio Entebbe–Bugala, zenye nauli nafuu kwa wakazi.

Msomaji wenu,
Entebbe