Barua kwa vijana waliorithi bao la barazani

Wanangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Mlipolitoa lile bao stoo mkalipangusa vumbi, wazee walifurahi. Mwezi haujaisha, limegeuka meza ya dau. Anayefungwa analipa, watazamaji nao wanawekeana pesa, na wazee wawili waliokuwa wakija kila alasiri hawaji tena.

Tuanze na kete, maana hapo ndipo damu inaponichemka. Bao lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji 32. Katika bao la Kiswahili, nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji, hutiwa sita, mashimo mawili ya kulia kwake mbilimbili, na 22 hubaki mkononi za kunamua, yaani kuziingiza baoni moja moja. Nyinyi kete zenu ni komwe, mbegu za mkomwe, nazo ziko 61 tu, pengo mmeliziba kwa vizibo vya soda. Mchezaji mzoefu huisoma idadi ya shimo kwa jicho tu; kizibo kikilalia komwe, hesabu yake yote inavurugika. Juzi mkaviondoa mkacheza hivyo hivyo, mmoja 22 mkononi, mwenzake 19. Huyu akaishiwa, yule bado ana tatu za kunamua. Mlitegemea nini kama si kushikana mashati?

Mkomwe unaota vichakani kando ya pwani. Nendeni mkaokote, na za akiba pia. Zihesabiwe kabla na baada ya mchezo, zikae kwenye mfuko wa kitambaa. Bao lenyewe lisilale nje, mvua na jua vitalipasua.

Pesa je? Anayejifunza akiogopa kuliwa elfu mbili hathubutu kujaribu, na fundi hamfundishi mtu anayempa ulaji. Mgeni mwekeeni bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, mkononi hana kitu. Akikosea, zirudishwe aonyeshwe alipopotea. Nani atakubali kurudisha kete noti ikiwa imeshawekwa?

Simu mfukoni. Mtazamaji asiguse kete. Mabinti wanaotaka kucheza wapisheni nafasi.

Lawama si yenu peke yenu, najua. Nyumba za siku hizi ni ukuta na geti, baraza hakuna. Viwanja vya wazi vinapimwa na kuuzwa, kisha watu haohao wanaitisha semina za upweke wa wazee na msongo wa mawazo wa vijana, wakiwa wamekaa kwenye kiyoyozi! Barazani mtu akikosekana siku mbili hubishiwa hodi. Hakuna aliyepangiwa kazi hiyo. Ni kwamba mpinzani wake amekaa mbele ya bao hana wa kucheza naye.

Basi wale wazee wawili wafuateni leo, baada ya sala ya alasiri. Msiwaulize kama wanaumwa. Waambieni kuna kijana amekwama kwenye kunamua na hakuna wa kumwelekeza.